Mcheza Kwao Hutunzwa: Kauli Kuhusu Kazi za Viraka Katika Mitaa ya Eneo la Viwanda, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu aoneshe ufundi wake mbele ya watu wanaomjua, kwa kuwa hao ndio watakaoielewa thamani ya anachokifanya na kumtuza ipasavyo. Makala haya yanakusudia kuitumia methali hiyo kama mizani ya kupimia kazi moja isiyotajwa sana katika majarida yetu. Kazi yenyewe ni ile ya kushona, kufuma na kusuka vifaa vya matumizi na vya urembo kutokana na mabaki ya vitambaa na nguo kuukuu, hususan inavyofanywa katika Eneo la Viwanda la Nairobi na mitaa iliyopakana nalo upande wa Mashariki mwa jiji.

Huenda msomaji akauliza: suala la matambara lina nafasi gani katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba sisi ndio tulioandika tasnifu juu ya tasnifu kuhusu misemo ya kanga. Tumechambua taswira, kejeli na mafumbo yaliyochapwa juu ya kitambaa, lakini mkono unaokishona kitambaa chenyewe hatujaupa nafasi ya kutosha. Tumekuwa kama mtu anayesoma barua kwa makini asijiulize karatasi imetoka wapi. Aidha, kama nitakavyoonesha, mengi yanayoikwaza kazi hii ni mambo ya lugha: jinsi inavyoitwa, jinsi inavyosimuliwa, na anayepewa nafasi ya kuisimulia.

Msimamo wangu ni huu: kazi za mabaki ya vitambaa zinastahili kwanza kuwafaa, kuwafikia na kutambuliwa na watu wa mtaa zinakoshonewa, ndipo zivuke kwenda kwingine. Zikishonwa Mukuru kwa ajili ya wageni tu, ilhali mama wa nyumba ya tatu hana hata kishikio cha kuepulia sufuria, basi sanaa hiyo itakuwa imepotea njia ingawa inaleta pesa.

Mtaa, kiwanda na kitambaa

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na viwanda vyake vikajipanga kuifuata reli hiyo upande wa kusini-mashariki mwa mji. Mpango Mkuu wa mji wa mwaka 1948 uliidhinisha sura ambayo tayari ilikuwa inajitokeza: viwanda vikae mahali pamoja, nao Waafrika wanaovitumikia wapewe makao katika mitaa ya Mashariki, karibu na milango ya kazi. Ndiyo sababu leo mtu anayetembea kutoka Barabara ya Jogoo hadi Barabara ya Lunga Lunga huvuka historia yote ya mfanyakazi wa Nairobi: Kaloleni na Makongeni, Maringo, Mbotela, Makadara na Hamza, kisha kuta ndefu za viwanda, na nyuma ya kuta hizo, kandokando ya Mto Ngong, vitongoji vya Viwandani, Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga.

Wakazi wengi wa vitongoji hivyo huenda kazini kwa miguu. Wengine husimama langoni mwa kiwanda alfajiri wakingoja kuitwa kwa kibarua cha siku. Ni watu wanaoishi karibu mno na mali wasiyoimiliki, na ukaribu huo umewahi kuwaua. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba katika kitongoji cha Sinai na moto uliozuka ukaangamiza zaidi ya watu mia moja. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, hatua iliyokiri rasmi kwamba wakazi hao ni sehemu ya jiji na kwamba wana sauti katika kupangwa kwake.

Katika mazingira hayo, kitambaa hakiadimiki. Huja kwa njia tatu. Kwanza, yapo mabaki ya viwanda vya kushona na ya mafundi cherehani. Mwili wa binadamu una mapinda ilhali jora la kitambaa limenyooka, kwa hiyo kila nguo inayokatwa huacha pembe na vipande visivyoingia katika mshono. Vipande hivyo huuzwa kwa uzani, hujazwa magodoro na mito, huwa vya kufutia grisi gerejini, au hutupwa. Pili, ipo mitumba. Katika mwaka 2019 pekee, Kenya iliagiza takribani tani 185,000 za nguo zilizokwisha kuvaliwa, na sehemu kubwa ya biashara hiyo hupitia soko la Gikomba, mwendo mfupi kutoka katika mitaa tuliyoitaja. Tatu, zipo nguo za nyumbani zilizochakaa: shuka iliyochanika katikati, sare ya mtoto aliyekwisha kurefuka, sweta iliyofumuka kiwiko.

Msamiati wa soko hili unastahili kutufikirisha. Neno "mtumba" lenyewe si geni katika lugha yetu. Katika karne ya kumi na tisa, mtumba ulikuwa robota la nguo lililobebwa na mpagazi katika msafara wa kwenda bara. Ndani yake mlikuwa na kaniki na merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, yaani Marekani. Basi mzigo ni uleule na jina ni lilelile, ila zamani ulibeba nguo mpya na sasa unabeba nguo zilizovuliwa na wengine. Wauzaji wa Gikomba nao wameongeza maneno yao. Nguo bora zinazochaguliwa mara tu robota linapofunguliwa huitwa "kamera". Zile zinazosalia chini baada ya kila mtu kuchagua huitwa "fagia". Ni katika "fagia" ambamo fundi wa viraka huanza kazi yake. Pale jicho la mnunuzi wa kawaida linapoona shati lisilo na kola, lake huona kipande cha pamba safi cha kutosha foronya mbili.

Kanga ilizaliwa kwa kuunganishwa

Wapo wanaoamini kwamba kushona kwa vipande ni dalili ya umaskini na kwamba mtu mwenye hadhi huvaa jora zima. Imani hiyo haina mizizi katika historia ya mavazi yetu. Vazi tunalolionea fahari kuliko yote, kanga, lilitokana na vipande. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, wanawake wa Zanzibar na wa mwambao walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, ambavyo Wareno waliviita "lenço" nasi tukaviita leso. Badala ya kununua kimoja kimoja, walikata urefu wa leso sita, wakaugawa mara mbili kwa tatu tatu, kisha wakaishona mikanda hiyo miwili pamoja ikawa vazi moja pana. Wengine waliunganisha leso za michoro mbalimbali ili wapate umbo ambalo hakuna jirani aliyekuwa nalo. Wenye maduka walipouona uzuri wa mtindo huo ndipo wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa kuuiga. Hadi leo Mombasa na Lamu kanga huitwa leso, jina la kipande kilichoizaa.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba ubunifu ulitangulia kiwanda. Mwanamke mwenye sindano ndiye aliyeonesha njia, mfanyabiashara akafuata. La pili, na lenye uzito zaidi katika hoja yangu, ni kwamba ubunifu huo ulilenga macho ya nyumbani. Leso ziliunganishwa ili zivaliwe Ng'ambo na Mji Mkongwe, zionwe arusini na kisimani, zijibizane na leso za jirani. Merikani isiyo na rangi ilikuwa vazi la watumwa na la maskini. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wengi waliipa kisogo na kujitambulisha upya kwa kanga. Kitambaa kilichounganishwa kwa mkono hakikuwa kitambulisho cha unyonge, bali cha watu waliokuwa wakidai heshima mbele ya majirani zao wenyewe. Kama kingeuzwa kwa wageni tu, kisingeweza kuifanya kazi hiyo.

Kinachoshonwa na kinakokwenda

Turejee Nairobi. Ukipita katika mitaa ya Eneo la Viwanda utakuta vibandani na barazani kazi za aina nyingi. Zipo zulia za matambara, ambapo mikanda ya fulana zilizokatwa huchomekwa moja moja kwenye gunia hadi gunia lisionekane. Vipo vyondo vilivyosukwa kwa nyuzi za sweta zilizofumuliwa, maana kiondo, ambacho kwa asili ni cha mkonge na nyuzi za miti, kimekubali kila uzi kilioletewa na zama. Yapo mablanketi ya viraka, mito, wanasesere, aproni, mifuko ya shuleni na ya sokoni. Tena vipo vile vitambaa vya makochi vinavyofumwa kwa kulabu, ambavyo bila hivyo sebule ya Mkenya wa kipato cha kawaida haihesabiwi kuwa imepambwa.

Katika orodha hiyo, ningependa kuvisimamisha viwili vitoe ushahidi.

Cha kwanza ni kikapu cha kupikia bila moto. Hiki ni kikapu kipana kilichozungushiwa ndani mito minene iliyojazwa mabaki ya vitambaa, pamoja na mto mwingine wa kufunikia juu. Mpishi huchemsha maharagwe au githeri vizuri motoni, kisha huitumbukiza sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kikapu na kuifunika. Joto halina pa kutokea, basi chakula huendelea kuiva chenyewe kwa saa kadhaa. Kwa mtu anayenunua makaa kwa mkebe na mafuta ya taa kwa kipimo cha siku, saa mbili za moto zilizookolewa si jambo dogo. Mabaki yaleyale ambayo yangetupwa mtoni yanageuka kuwa akiba jikoni.

Cha pili ni sodo za kitambaa zinazofuliwa na kutumiwa tena. Kenya iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wasichana walio shuleni wapewe sodo bila malipo. Hata hivyo, sheria ni jambo moja na kabati la mwalimu ni jambo jingine, na msichana aliyekwisha kuacha shule hafikiwi na sheria hiyo. Sodo ya kitambaa hushonwa kwa tabaka za pamba laini, na tabaka la chini lisilopitisha maji. Sasa tuone tofauti ya kushonewa na jirani na kushonewa na mtu wa mbali. Sodo huhitaji maji ya kufulia na jua la kukaushia. Fundi wa mbali hajui kwamba Mukuru maji hununuliwa kwa mtungi, wala hajui kwamba kamba ya kuanikia imepita mbele ya mlango wa jirani. Fundi anayeishi papo hapo anajua. Huchagua kitambaa cha rangi iliyokoza na chenye maua, hukikata kiasi kwamba kikikunjuliwa huonekana kama leso ya kawaida, naye msichana hukianika juani bila kuona haya. Hayo ni maarifa yasiyofundishwa katika warsha yoyote. Hupatikana kwa kuishi.

Vifaa kama hivi ndivyo ninavyoona vinasukumwa pembeni. Sababu ni kwamba soko linalosifiwa zaidi liko kwingine: maduka ya watalii, maonesho ya mahoteli, maagizo ya ng'ambo. Soko hilo halihitaji kikapu cha githeri. Huhitaji mkoba mdogo wa viraka, uliofungiwa kikaratasi chenye hadithi. Nami nina ugomvi na hadithi hiyo.

Shangazi yangu ameshona kwa miaka mingi katika mojawapo ya mitaa hii. Wakati mmoja alipata agizo la mikoba kutoka kwa mnunuzi ambaye sitamtaja. Baadaye niliuona mkoba mmojawapo umetundikwa katika duka la kifahari, bei yake ikiwa mara nyingi zaidi ya alicholipwa yeye. Bei hiyo haikunishangaza sana, kwani biashara ndivyo ilivyo. Kilichoniudhi ni kikaratasi. Kilieleza kwa Kiingereza kwamba mshonaji "ameokolewa" kutoka katika maisha ya kukata tamaa. Mwanamke huyo alikuwa amelipa kodi ya nyumba na karo ya watoto watatu kwa cherehani yake kabla mnunuzi huyo hajaijua barabara ya kwenda kwake. Nilipomfasiria maneno hayo, alicheka kidogo, kisha akauliza ni nani aliyemwokoa na kutoka wapi, maana yeye bado anaishi palepale. Ninasema hili kama mwanafunzi wa fasihi: huo ni usimulizi unaomnyang'anya mhusika nafsi yake ili umuuze. Haukusema mshono ni wa aina gani, wala rangi zimepangwa kwa kanuni ipi, wala kifaa kinatumiwaje. Uliuza huruma na kukitumia kitambaa kama kifungashio chake.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya mfuko. Wenye maoni tofauti na yangu watasema: jirani wa Mukuru hana pesa, mtalii anazo. Kumtaka fundi auze mtaani ni kumtaka alale njaa kwa ajili ya falsafa yako.

Pingamizi hii ina nguvu, na mtu asiibeze. Sisemi kwamba fundi akatae agizo la ng'ambo. Ninachosema ni kwamba asilifanye kuwa mguu wake wa pekee. Mwaka 2020 ulitufunza somo hili kwa ukali. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Agosti. Waliotegemea mtalii peke yake walibaki na mikoba vibandani. Katika kipindi kicho hicho, uagizaji wa mitumba ulipigwa marufuku hadi Agosti, na kuanzia Aprili kila mtu akatakiwa kuvaa barakoa hadharani. Ni nani aliyezishona barakoa zilizovaliwa na wauza mboga, makondakta na vibarua? Kwa kiasi kikubwa ni mafundi wa mitaani, kwa vipande vya vitenge na mabaki ya pamba waliyokuwa nayo kwenye magunia. Mteja aliyedharauliwa kwa kuwa na shilingi chache ndiye aliyekuja mlangoni siku ambayo mwenye dola hakuweza kuja. Kidogo cha kila siku kina uthabiti ambao kingi cha msimu hakina. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena, jirani asiye na pesa taslimu leo ana njia nyingine. Vyama vya akina mama vimezoea kuchanga kwa zamu. Kikapu au blanketi linaweza kulipiwa kidogo kidogo kwa utaratibu uo huo. Mama anayeleta gunia la nguo kuukuu huweza kupunguziwa bei, na kijana anayesaidia kufumua sweta hulipwa kwa kufundishwa. Kushiriki si kugawa bure. Ni kuuziana, kukopeshana, kubadilishana na kufundishana miongoni mwa watu watakaoonana tena kesho.

Pingamizi ya pili ni ya kisiasa. Wapo watakaosema kwamba kuyasifu matambara ni kuibariki mitumba iliyoua viwanda vyetu. Ni kweli kwamba baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya nguo vya nchi hii vilianguka kimoja baada ya kingine. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilikwama hadi iliponunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya kodi chini ya sheria ya AGOA. Kenya ilirudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Historia hiyo inauma, lakini haipingani na hoja yangu. Fundi wa viraka hakuileta mitumba wala hana uwezo wa kuizuia bandarini Mombasa. Yeye ndiye anayeipokea ikiwa imekataliwa na wote na kuizuia isiishie katika Mto Ngong au jaa la Dandora. Isitoshe, hata siku viwanda vyetu vitakapofufuka, na ni dua yetu vifufuke, vitakata nguo na vitaacha mabaki. Kazi ya kuunganisha vipande itakuwapo, na itahitaji watu walioitunza stadi yake.

Aibu ya kiraka

Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, hakimo mfukoni wala bandarini. Kimo katika fikra. Wengi tulikua tukijua kwamba kaptura yenye kiraka hucheka mwenyewe kabla wenzako hawajakucheka. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Ndiyo maana mtu yuko radhi kununua blanketi jepesi la dukani litakaloisha katika msimu mmoja wa baridi, ayaache ya viraka yanayodumu miaka, kwa hofu ya majirani watasema nini.

Elimu yetu nayo imechangia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliyapa nafasi masomo ya sanaa, ufundi na sayansi kimu, na wanafunzi wengi walijifunza kushika sindano darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa shule za msingi, na kisichotahiniwa hapa kwetu huwa kama kisichokuwapo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa baadaye umeirudisha kazi ya mikono, lakini mzazi wa Makadara hujikuta akinunua vifaa vipya dukani ili mwanawe "abuni" kitu, ilhali fundi wa mlango wa pili ana gunia zima la vipande na maarifa ya kumfundisha mtoto huyo bure.

Lugha yaweza kuponya aibu hii. Katika kurasa za michezo za magazeti ya Tanzania, mchezaji anayeweza kucheza nafasi yoyote uwanjani huitwa "kiraka", na hiyo ni sifa. Hapo neno limevuliwa unyonge na kuvikwa uwezo: kiraka ni kile kinachofaa popote kinapohitajika. Kwa nini maana hiyo isirejee kwenye kitambaa ilikotoka?

Nini kifanyike?

Kwanza, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuukusanye msamiati wa kazi hii kabla haujamezwa. Mafundi wana majina ya mishono, ya pindo, ya ukataji na ya mipangilio ya rangi, mengine ya Kiswahili sanifu, mengine ya Kikamba, Kikikuyu, Kiluhya na Kijaluo, mengine ya Sheng iliyozaliwa katika mitaa hiihii. Tasnifu moja ya uzamili juu ya lugha ya vibanda vya cherehani vya Lunga Lunga ingekuwa na faida kuliko ya kumi kuhusu riwaya ileile.

Pili, tuwasaidie mafundi kuandika vikaratasi vyao wenyewe kwa Kiswahili, vinavyotaja kifaa ni nini, kimeshonwa kwa nini, kinafuliwaje na kimetengenezwa mtaa gani. Mteja wa mtaani ayasome na kuyaelewa. Mteja wa mbali atafute mkalimani, kama sisi tulivyozoea kutafuta.

Tatu, viwanda vya eneo hili vitenge mabaki yao safi na kuyauza kwa vikundi vya mitaa jirani kwa bei ya haki, badala ya kuyachoma au kuyakabidhi kwa dalali mmoja. Nne, shule za mitaa hiyo ziwaalike mafundi hawa kuwa walimu wa siku moja kila muhula, na ziwalipe.

Tano, kaunti ijifunze kutokana na fursa zilizopotea. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, pengo lilikuwa wazi kwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa mtaani. Pengo hilo likajazwa upesi na mifuko inayofanana na kitambaa ilhali ni plastiki iliyogandamizwa, hata mwaka 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikalazimika kutangaza marufuku juu yake pia. Kama masoko ya Makadara na Kayaba yangetengewa meza za mafundi mwaka ule, huenda tungekuwa tunabeba sukuma wiki katika kazi za mikono ya jirani zetu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba kushona kwa vipande ni utamaduni wenye asili katika vazi tukufu kuliko yote tuliyo nayo, kwamba kazi za mabaki hufikia ubora wake pale fundi anapomjua atakayezitumia, na kwamba soko la mbali, pamoja na faida zake, limewaondoa wengi kwenye mahitaji ya majirani na kuwavika hadithi isiyo yao. Sidai kwamba viraka vitaondoa umaskini wa Mukuru. Umaskini huo una vyanzo vyake katika mishahara, ardhi na maji, navyo vinahitaji tiba yake. Ninachodai ni kwamba mtu anayeweza kulitazama gunia la fagia akaona ndani yake kitanda cha mtoto, jiko la mama na heshima ya msichana, huyo ni msanii, na anastahili kutazamwa hivyo na watu wanaompitia mlangoni kila asubuhi.

Basi msomaji mpendwa, utakapohitaji mfuko, mto au zulia, anza kwa kuulizia mtaani kwako. Muulize fundi jina la mshono wake. Lipa bei bila kumwonea huruma wala kumpunja. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hilo hutimia tu iwapo wa kwao wapo, wanatazama, na wamekuja na tuzo mkononi.